Sura ya Kumi na Mbili: Siku Aliyoiandika Masalu

Miezi miwili ilikuwa imepita tangu Modesta Chenge aache kuhesabu siku, ingawa kazi yake ilikuwa kuziandika. Aliamka, akavaa mabuti ya mpira na koti jeupe la kiwanda, akasimama kwenye meza ndefu ya chumba cha kufungashia, akaandika tarehe juu ya maboksi ya minofu ya sangara mpaka kidole kikaota sugu. Jioni alirudi nyumbani Nyakato, akapika, akalala. Mtu akimwuliza habari, alijibu "nzuri" na kuendelea na alichokuwa akikifanya. Uchovu wa mwili aliuzoea, kwa kuwa mwili ukilala hupona. Huu mwingine aliamka nao kila asubuhi kama alivyolala nao.

Ilikuwa Jumatano, tarehe sita Septemba, mwaka 1995. Bwana Rahim, msimamizi wa chumba hicho, alimletea bunda la lebo mpya zenye rangi ya buluu.

"Dada Modesta, hizi ni za Marekani. Tafadhali usiandike kama zile za Wadachi. Hawa kwao mwezi unatangulia, ndipo siku inafuata."

"Unatangulia vipi?"

"Leo ni tarehe sita, mwezi wa tisa. Andika tisa, alama ya mkwaju, sita."

"Lakini Bwana Rahim, hiyo itakuwa tarehe tisa Juni!"

"Kwetu. Kwao ni leo." Rahim alicheka kwa uchovu wa mtu aliyekwisha kulieleza jambo hilo mezani kwa wakubwa. "Mwezi uliopita tuliwapelekea samaki wa tarehe tano Agosti, tukaandika tano, nane. Wamewapokea, wamesoma Mei! Wametuuliza kama tunawauzia samaki au mizoga. Kwa hiyo leo tisa, sita, kesho tisa, saba, na kuendelea. Sawa, dada yangu?"

Kalamu ya Modesta ilikuwa imekwama juu ya lebo, na wino ulikuwa ukisambaa polepole ukifanya doa.

Tisa, saba.

Alizijua tarakimu hizo kama anavyojua uso wake. Zilikuwa katika barua iliyofika mwanzoni mwa Juni kutoka kwa Masalu, mchumba wake, aliyepelekwa na kanisa Marekani kusomea uhifadhi wa samaki. *Nitafika nyumbani 9/7/95, Mungu akipenda,* aliandika. *Siku hiyohiyo nitakuja kwenu na wajomba zangu na ng'ombe za mahari. Sitaki nilale hata usiku mmoja Mwanza kabla ya kujulikana nyumbani kwa baba yako.* Modesta aliisomea familia yake barua hiyo kwa sauti. Kisha alivuka maji mpaka Busisi, akamsomea mama yake Masalu, asiyejua kusoma. Kote alisema tarehe tisa Julai. Mwaka ule Sabasaba iliangukia Ijumaa, na tarehe tisa ilikuwa Jumapili. Siku gani nyingine ingefaa kuliko hiyo, ambapo watu wote wako mapumzikoni? Hakuna aliyetia shaka.

Na Masalu hakushuka kwenye ndege.

"Unaumwa?" Rahim aliuliza.

"Hapana," alisema Modesta, akakaa chini juu ya boksi la Marekani.

* * *

Nyumbani, kabla ya kuwasha jiko, alifungua sanduku lake la nguo. Chini kabisa ilikuwako barua nyingine, iliyofika siku kumi na moja baada ya aibu ile. Alipoipokea alidhani ni ya kuomba radhi, na moyo wake ukakataa kuombwa. Hakuifungua. Sasa aliichana kwa jino, kama mtoto.

*Leo ni tarehe mosi Julai,* aliandika Masalu, *nimebakiza miezi miwili na siku sita.*

Modesta aliusoma mstari huo mpaka macho yakaacha kuona. Alitaka kulia, lakini hata machozi yalihitaji nguvu, naye hakuwa nazo.

Baba yake, Mzee Chenge, alikuwa mkuu wa stesheni mstaafu wa reli. Tangu mama yake Modesta alipofariki, wawili hao walikula pamoja mezani chini ya kalenda kubwa ya ukutani, ambayo mzee aliikata kila siku kwa mstari mmoja wa kalamu, hata akiwa na homa. Kwenye ukurasa wa Julai aliwahi kuizungushia tarehe tisa duara jekundu. Ukurasa huo aliuchana mwenyewe.

"Mbona chakula hujakigusa?"

"Baba, Masalu hakutudanganya."

Mzee Chenge aliweka tonge kwenye sahani. "Jina hilo halitajwi katika nyumba hii. Tulipatana."

"Tulipatana tukiwa hatujui. Kule aliko wanaanza kuandika mwezi, halafu siku. Ile haikuwa tarehe tisa ya mwezi wa saba, baba. Ni tarehe saba ya mwezi wa tisa. Ni kesho."

Mzee alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akasema taratibu, kama anayemfundisha karani mgeni:

"Miaka thelathini na moja nimeandika tarehe katika kitabu cha stesheni. Siku, mwezi, mwaka. Treni ya Tabora haijapata kufika mwezi ukiwa mbele ya siku."

"Kwao ndivyo wanavyoandika."

"Na yeye ni wa kwao? Tangu lini? Si mtoto wa Ng'washi wa Busisi, yule anayeuza dagaa?"

Modesta alisogeza barua mbele yake. Mzee Chenge alivaa miwani, akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Wazee wa ukoo walilala kwenye sakafu hii siku mbili. Mjomba wako alitoka Kwimba na mguu wake ule mbovu. Fahali nilimchinja kwa mkono wangu. Nikaketi pale mlangoni na suti niliyomwolea mama yako, nikitazama barabara, mpaka majirani wakaja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Leo unaniambia nilikaa pale kwa sababu ya nini? Mkwaju?"

"Ni kwa sababu yangu, baba. Mimi ndiye niliyesoma."

"Nami nilisoma baada yako!" Mzee alipiga meza kwa kiganja, kisha akakitazama kiganja chenyewe kama kimemkosea adabu. "Nilisoma baada yako, nikachukua kalamu nyekundu."

Nje jirani alikuwa akiita kuku wake waingie bandani.

"Shimba wa Magu," mzee aliendelea kwa sauti ya chini, "amekuja mwenyewe, kwa miguu yake, akijua kilichotupata. Hakucheka. Akataja siku: tarehe tisa, mwezi wa tisa. Igeuze unavyotaka, inabaki palepale. Ng'ombe zake zinaanza safari kesho kutwa, Jumamosi asubuhi zitakuwa hapa. Neno nimekwisha kulitoa, Modesta. Nimechoka kuwa mtu wa kuonewa huruma."

Modesta alijua kwamba Shimba ni mtu mwema. Hilo ndilo lililomchosha kuliko yote. Laiti angekuwa mlevi, au mchoyo, ingekuwa rahisi kumkataa. Lakini alikuwa mwanamume mpole, mnunuzi wa pamba na mtu wa mizani, aliyemwambia wazi, "Najua hunipendi bado. Mimi si mtu wa haraka." Na Modesta alikubali kwa sababu alikuwa mchovu, akaona kwamba nyumba ya mtu asiye na haraka ni mahali pazuri pa kupumzikia. Je, ndoa ni mahali pa kupumzikia? Swali hilo alikuwa akilikimbia kwa wiki tatu.

"Sikuombi uvunje neno lako usiku huu, baba. Naomba ruhusa ya kesho."

"Ya kwenda kwake?"

"Ya kwenda kwa mama yake. Baada ya siku ile alinitumia salamu mara mbili. Aliniomba nimwandikie mwanawe nimwulize kama yu hai. Sikuandika."

Mzee Chenge aliinua uso. "Hukuandika?"

"Niliona fahari kunyamaza."

Hakumkemea. Ingekuwa nafuu kama angemkemea. Aliondoka mezani, akakata tarehe sita kwa mstari, akasimama pale amempa binti yake mgongo.

"Nenda," alisema. "Lakini Jumamosi uwe hapa. Nisije nikamkosa mtu mbele za watu kwa mara ya pili."

* * *

Ndege ya kutoka Dar es Salaam ilitua saa nne asubuhi. Kabla ya kwenda Busisi Modesta alitaka kupitia hapo kwanza, lakini alichelewa kuruhusiwa kazini, akafika kiwanja cha ndege saa tano na robo akihema. Mchukuzi mmoja alimtazama kwa huruma.

"Yule mrefu, mwenye mabegi mawili? Amekaa pale kwenye ngazi saa nzima, kila gari likija anasimama. Ameondoka sasa hivi. Amesema anakwenda Kigongo, avuke."

Barabarani alikuta gari la barafu la kiwandani kwao likielekea hukohuko, likachukue samaki ng'ambo. Dereva wake, Abeid, alimfungulia mlango bila kuuliza, na walipokuwa wameiacha Mwanza nyuma na mawe yake makubwa, ndipo alipouliza.

"Dada, unamkimbilia mtu au unamkimbia mtu?"

"Sijui, kaka Abeid."

"Basi nitaendesha kwa mwendo wa katikati," alisema Abeid. Lakini akakanyaga mafuta.

Pale Kigongo magari yalikuwa yamejipanga yakisubiri pantoni, na wanawake wa mayai ya kuchemsha walikuwa wakizunguka na masinia yao. Modesta alimwona kabla yeye hajamwona. Masalu alikuwa ameketi juu ya begi, kwenye kivuli cha lori la marobota, viwiko juu ya magoti. Alikuwa amekonda. Nywele zilikatwa kwa mtindo asioujua. Ila namna ile ya kuinamisha shingo, kana kwamba anasikiliza kitu kilicho ardhini, ilikuwa ileile.

Masalu aliinua macho. Alisimama. Kwa kitambo kidogo walitazamana tu, na katika kutazamana huko kulikuwa na miaka miwili, hakuna aliyejua aanze na upi.

"Umechelewa," alisema Masalu. Alijaribu kutabasamu. "Nimekungoja kiwanja cha ndege mpaka mchukuzi akanihurumia."

"Nimechelewa?" Modesta alicheka, na kicheko chake kilimwogopesha mwenyewe. "Mimi nilikungoja tarehe tisa Julai, Masalu. Nilikungoja na gauni jipya, na wazee arobaini, na fahali aliyechinjwa. Wajomba zako walikungoja kwenye ngazi zilezile. Ndege ilitua, watu wakashuka wote, wakafunga mlango."

"Julai? Lakini mimi nilikuandikia..."

Hakumaliza. Modesta aliona jambo likimwingia. Aliona midomo yake ikitembea bila sauti, ikitaja tisa, ikitaja saba, kisha ikizitaja kinyume.

"Mungu wangu," alisema Masalu. "Niliandika kama wao."

Pantoni ilipiga honi. Gari la Abeid lilipanda na malori mengine, na wao wawili wakapanda kwa miguu, wakasimama ukingoni, kila mmoja ameshika chuma chake. Maji ya Ghuba ya Mwanza yalikuwa mazito na ya kijani.

"Mwaka wa kwanza," alianza Masalu, "nilikosa mtihani kwa ajili ya jambo hilihili. Ubao ulisema mbili, tano. Nikajua ni Mei. Ulikuwa Februari. Nilikuta darasa tupu, nikalia chooni kama mtoto. Baada ya hapo kila fomu niliyojaza kwa namna ya kwetu ilirudishwa na wino mwekundu, mpaka mkono ukazoea."

Modesta aligeuka. "Kwa hiyo ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua kwamba mtu anaweza kukosea hapo, na kosa hilo linaliza, na hukuniandikia jina la mwezi? Neno moja tu, Masalu. Septemba. Herufi nane!"

"Nilikuwa nimesahau kwamba kuna wakati sikujua."

Alilisema hilo kwa unyenyekevu, bila kujitetea, na kwa sababu hiyo lilimchoma Modesta zaidi. Aliona wazi kilichokuwa kikimuuma tangu jana, nacho hakikuwa tarehe. "Basi ulipokuwa unaandika," alisema, "hukuniona mimi nikisoma. Uliiona karatasi. Mimi nilikuwa nikikuona kila siku, wewe ukaniandikia kama unayejaza fomu."

Masalu aliinamisha kichwa. Upepo ulipeperusha kola ya shati lake, naye hakuirudisha.

"Ni kweli," alisema mwishowe. "Na wewe, Modesta? Nikuulize nami?"

"Uliza."

"Niliposhindwa kushuka kwenye ile ndege, ulifikiri nini? Hukuogopa kwamba nimekufa?"

Modesta alifungua kinywa. Alitaka kusema ndiyo. Ingekuwa rahisi, na hakuna ambaye angemkanusha. Lakini alikuwa amechoka na kila kitu, hata na uongo mdogo.

"Hapana," alisema. "Sikuogopa hata kidogo. Nilijua tu kwamba umeniacha. Nilijionea aibu mimi, nikamwonea aibu baba, na wewe sikukuwaza. Barua yako ya Julai ilikuja, sikuifungua mpaka jana jioni. Mama yako aliniomba nikuandikie, sikuandika."

"Mama aliomba nini?"

"Aliomba kujua kama uko hai."

Masalu alifumba macho. Modesta aliona kidole chake kikikwangua kutu kwenye chuma, kikikwangua, mpaka ngozi ikachubuka.

"Kuna jingine," alisema Modesta. "Bora ulisikie kwangu kabla ya kulisikia ng'ambo. Jumamosi zinakuja ng'ombe za mtu. Anaitwa Shimba. Baba ametoa neno, na mimi niliitikia."

"Jumamosi hii?"

"Hii."

"Unampenda?"

"Ni mtu mwema."

"Sikuuliza hivyo."

"Nimesikia ulivyouliza!" Sauti yake ilipanda, na mama mmoja mwenye kikapu akageuka, akageuka tena upesi kwa adabu. Modesta aliishusha. "Nimechoka, Masalu. Simpendi. Nilitaka mahali pa kukaa kimya. Nawe usinitazame hivyo, maana ukinitazama hivyo nitasahau kwamba nina hasira."

Masalu hakuondoa macho. "Mimi sina haki ya kukuomba kitu leo," alisema. "Lakini sikukuacha. Hata siku moja. Hilo ulijue, hata kama utaolewa na mfalme."

Modesta alisogea hatua moja kuelekea kwake, akasimama hapo, bega lake karibu na mkono wake bila kuugusa. Hivyo ndivyo walivyovuka.

* * *

Upande wa Busisi watu walishuka kwa kusukumana kama kawaida, kisha ghafla msukumano ukapungua. Mchuuzi mmoja alimtazama Masalu, akaacha mdomo wazi. Mwingine akasogea nyuma. Watu walipisha njia, na mwisho wa njia hiyo, nyuma ya gunia la dagaa, aliketi mama yake, Ng'washi.

Kanga ilikuwa imemwangukia mabegani. Kichwa chake kilikuwa kimenyolewa, na nywele zilizoanza kurudi zilikuwa nyeupe na fupi kama punje.

Hakupiga kelele. Mwanawe alipomfikia, alimshika miguu kwanza, kama anayetaka kuhakikisha kwamba imekanyaga ardhi. Kisha mikono yake ikapanda: magoti, kiuno, mbavu, mabega. Ilipofika usoni ikatulia.

"Mayu," Masalu alinong'ona. "Umenyoa. Nani amefariki?"

"Wewe."

Masalu alipiga magoti kwenye vumbi.

"Wajomba zako walirudi bila mtu," alisema Ng'washi. Sauti yake ilikuwa kavu, ya mwanamke aliyekwisha kumaliza kulia siku nyingi. "Wakasema hakuna matanga bila maiti. Nikawaambia basi, ninyi msiomboleze. Nikatafuta wembe, nikanyoa mwenyewe. Hapa nyuma nilijikata, angalia. Umekula?"

"Mayu, nisamehe. Mimi ndiye..."

"Nimeuliza kama umekula."

Modesta alikuwa amesimama mbali, kanga mdomoni. Alijua kwamba angeweza kugeuka sasa hivi, apande gari la Abeid, arudi kwa baba yake, na hakuna ambaye angemlaumu. Ruhusa aliyoomba ilikuwa ya kuja kumwambia mama huyu kwamba mwanawe yu hai, na mwana alikuwa amekwisha kujieleza kwa miguu yake miwili. Alitazama kile kichwa chenye kovu. Kisha akaenda, akapiga magoti karibu na Masalu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ni wewe, Modesta?"

"Ni mimi. Mimi ndiye niliyekusomea Julai. Haikuwa Julai. Na ulipotuma salamu nikazisikia, nikanyamaza. Nilikuacha unyoe peke yako."

"Aliyeandika vibaya ni mimi," alisema Masalu.

"Aliyesoma vibaya ni mimi."

Ng'washi aliwatazama kwa zamu, akatikisa kichwa.

"Shule mlizosoma ninyi wawili zingetosha kijiji kizima," alisema, "na aliyenyoa ni mimi nisiyejua kusoma." Mahali fulani katika uso ule uliokauka, kitu kama kicheko kilipita. "Inuka, binti. Inuka, unachafua nguo. Nimesikia habari zako. Wanasema Jumamosi unapokelewa ng'ombe."

"Ndiyo, mama."

"Unazitaka?"

Modesta alivuta pumzi. Swali lilikuwa dogo, na limeulizwa na mtu ambaye alikuwa na haki ya kumchukia. Hakukuwa na mahali tena pa kukaa kimya.

"Sizitaki," alisema. "Jumamosi nitasimama mbele ya wazee wote niseme hivyo kwa kinywa changu. Nimemwahidi baba kwamba nitakuwapo, na nitakuwapo."

"Jumamosi ya nini?" Ng'washi alifunga mdomo wa gunia la dagaa kwa kamba, akakaza fundo. "Yule bwana ng'ombe zake zianze safari, zitembee toka Magu, afike na ndugu zake, ndipo umwambie hapana mbele za watu? Unataka naye akae mlangoni na suti kama baba yako? Mtu hakukukosea. Kesho ni siku ya kuzitoa zizini. Basi aambiwe kabla, na wa kumwambia ni baba yako, na baba yako aambiwe leo."

"Baba hatakubali kwa urahisi, mama. Alitoa neno. Anasema amechoka kuonewa huruma."

"Na mimi je, sijachoka?" Alijitupia kanga begani. Hakuirudisha kichwani. "Twende wote. Nitakaa mbele yake hivihivi nilivyo. Mzee Chenge anaamini binti yake aliachwa na mtu asiye na haya. Akikiona kichwa hiki, atajua kwamba wote wawili tuliketi mlangoni tukitazama barabara moja. Masalu, usifungue hayo mabegi. Yapandishe."

"Mayu, hujapumzika. Hata nyumbani sijafika."

"Miezi miwili nimekaa chini. Pandisha."

Gari la mwisho lilikuwa halijashuka, na abiria wa kurudi Kigongo walikuwa wakianza kupanda. Walipata nafasi kwenye benchi la mbao. Masalu aliketi mwisho, mabegi kati ya miguu, akilitazama ziwa kama mtu aliyekwisha kuvuka kupita kiasi kwa siku moja. Mama yake aliketi katikati. Modesta alijaribu kupanga maneno atakayomwambia baba yake, akapata sentensi ya kwanza, akaipoteza, akaitafuta tena.

Pantoni haijafika hata nusu, Ng'washi alikuwa amelala. Kichwa chake kilianguka polepole kwenye bega la Modesta, na zile nywele fupi zinazoota zikamchoma shingoni kila pantoni ilipotikisika. Masalu alinyoosha mkono ili amwinue mama yake, asimlemee.

"Mwache," alisema Modesta, akakaa sawasawa ili bega lisiyumbe.